Sura ya Saba: Kichwa Kinachokua Kupita Umri

Ukisimama Lavington, pale James Gichuru Road inapokutana na Gitanga Road, uko karibu na madaktari wa upasuaji wa ubongo kuliko Wakenya wengi. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta iko kilomita chache tu kutoka hapo, upande wa Upper Hill. Ukishika Waiyaki Way, ukapita Kangemi na Kinoo, ukapanda hadi Limuru, safari inakufikisha Kijabe, ukingoni mwa Bonde la Ufa, ambako hospitali ya misheni imewafanyia upasuaji watoto wenye maji kichwani kwa miaka mingi. Mtaani penyewe kliniki za watoto hazikosekani. Mtu angedhani mtoto wa hapa hawezi kuchelewa kutibiwa.

Lakini watoto huchelewa, na mara nyingi chanzo ni kitu kidogo. Mtoto mchanga wa Nairobi hushinda na kofia ya sufi, hasa ile miezi ya baridi kuanzia Juni hadi Agosti. Kofia ikianza kumbana, mama hutafuta kubwa zaidi na kumshukuru Mungu kwamba mtoto anakua. Katika nyumba za Lavington, anayemvua mtoto kofia na kumwogesha kila siku mara nyingi ni yaya. Huyo ndiye huwa wa kwanza kuona kwamba kichwa kimezidi mwili, naye husita kusema, akichelea kuonekana anamtakia mtoto wa watu mabaya. Upande wa pili, wanawake wanaotembea asubuhi kutoka Kawangware kuja kufua na kulea Lavington wamewaacha wachanga wao kwa jirani anayeangalia watoto sita au saba kwa pamoja. Ni mitaa miwili inayopakana yenye vipato visivyokaribiana, na ugonjwa huu huwapata watoto wa pande zote mbili.

Unaitwa haidrosefalasi. Sura hii inaeleza ni nini, unatoka wapi na unatibiwaje. Neno langu kuu nalisema mapema: ugonjwa huu una tiba, na tiba hiyo iko Afrika Mashariki. Kinachoamua mtoto atakuwa na ubongo wa namna gani baada ya kutibiwa ni muda uliopita kabla hajafikishwa kwa daktari.

Maji ambayo kila mtu anayo

Kuwa na maji kichwani si ugonjwa. Kila ubongo unaelea ndani ya kiowevu kisicho na rangi, kisafi kama maji ya kunywa. Mtu mzima huwa na kama mililita 150 za kiowevu hicho kwa wakati mmoja, lakini mwili wake hutengeneza kama mililita 500 kwa siku. Maana yake ni kwamba maji yote hubadilishwa mara tatu au zaidi kati ya asubuhi moja na nyingine. Kazi yake ni kuukinga ubongo usigonge mfupa na kusaidia kuondoa taka zake.

Ndani ya ubongo mna vyumba vinne vilivyounganishwa kwa njia nyembamba. Kiowevu hutengenezwa zaidi na tishu laini zenye mishipa midogo mingi ya damu, ziitwazo koroidi, zilizomo ndani ya vyumba hivyo. Kutoka vyumba viwili vikubwa vya pembeni hupita hadi chumba cha tatu kilicho katikati, kisha hupenya kwenye mfereji mwembamba sana kuelekea chumba cha nne. Hapo hutoka nje, huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, na mwisho hunyonywa na kurudi kwenye damu.

Hebu fikiria sinki ambalo bomba lake halifungwi kamwe. Mradi njia ya kutokea iko wazi, maji hayajai. Njia ikiziba, au mwili ukishindwa kuyanyonya, bomba halijui, linaendelea kumimina. Vyumba vya ubongo hutanuka, na ubongo husukumwa ukabanwa kwenye fuvu.

Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja na nusu hivi, mifupa ya fuvu bado haijaungana imara, kwa hiyo kichwa hutanuka. Huko kutanuka humpunguzia maumivu na pia huficha hatari. Mtoto anaweza kunyonya vizuri, akacheka na kuongeza uzito, huku ubongo wake unazidi kuwa mwembamba. Mtoto mkubwa fuvu lake limeshafunga, hivyo shinikizo hupanda haraka: kichwa humuuma hasa anapoamka asubuhi, anatapika, anaona mambo mawilimawili, usingizi unamzidi. Huyo asingoje hadi kesho.

Maji yanazuiwa na nini

Wapo watoto wanaozaliwa na mfereji wa katikati ukiwa mwembamba mno au umeziba kabisa. Wengine huzaliwa na mgongo wazi, yaani uti wa mgongo ambao haukufunga, na wengi wao, takribani wanane kati ya kumi katika ule mgongo wazi ulio mkali, hupata maji kichwani pia. Watoto njiti huweza kuvuja damu ndani ya vyumba vya ubongo siku chache baada ya kuzaliwa, na damu hiyo ikaziba njia. Uvimbe nao unaweza kukaa palipo na mkondo. Kwa watoto wakubwa, kifua kikuu kinapoingia kwenye utando wa ubongo huacha madhara hayohayo.

Katika eneo letu, sababu moja inasimama mbele ya nyingine. Mwaka 2000 daktari Mmarekani wa upasuaji wa ubongo, Benjamin Warf, alihamia Mbale, mashariki mwa Uganda, chini ya Mlima Elgon, kufanya kazi katika hospitali ya watoto ya CURE. Vitabu alivyosomea vilimwandaa kukutana na watoto waliozaliwa na kasoro. Aliowapokea walikuwa na historia nyingine: mtoto alizaliwa mzima, akashikwa na homa kali na degedege katika wiki zake za mwanzo, akapona, kisha kichwa kikaanza kukua. Takwimu alizochapisha mwaka 2005 zilionyesha kwamba takribani watoto 60 kati ya kila 100 waliofika Mbale walipata maji kichwani kutokana na maambukizi. Usaha na makovu vilikuwa vimeziba njia za maji.

Swali la ni kijidudu gani lilidumu miaka mingi, kwa sababu maabara za kawaida hazikuwa zikiotesha chochote. Mwaka 2020 kundi la watafiti likiongozwa na Steven Schiff, likitumia vipimo vya chembe za urithi kwa watoto 100 wa Uganda, lilitangaza kumpata mshukiwa mkubwa: bakteria wa jamii ya Paenibacillus. Ugunduzi huo una maana kwetu sote, kwa sababu homa ya mtoto wa siku kumi si jambo la kumpa dawa ya duka na kusubiri. Mtoto aliye chini ya mwezi mmoja akichemka, akiacha kunyonya, akilegea au akishtukashtuka, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Na ili kuzuia maambukizi, kitovu chake kisipakwe udongo, majivu wala kinyesi cha mnyama, hata kama aliyeshauri ni bibi anayependwa na ukoo mzima.

Mgongo wazi nao unapunguzika. Uti wa mgongo wa kijusi hufunga ndani ya siku 28 hivi baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Vidonge vya foliki asidi wanavyopewa kliniki vina faida nyingine, lakini kwa jambo hili huwa vimechelewa. Mwanamke anayetarajia kubeba mimba anapaswa kupata mikrogramu 400 kila siku kabla ya kutunga. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaopakiwa viwandani uongezwe virutubisho, foliki asidi ikiwamo. Lakini unga wa poshomili, unaopikwa katika nyumba nyingi za Kawangware, hauna nyongeza hiyo. Hapo pana kazi ya serikali ambayo haijakamilika.

Utepe kabla ya mashine

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria kwamba takribani watoto 400,000 duniani hupata haidrosefalasi kila mwaka, na Afrika ndiyo yenye sehemu kubwa. Kifaa cha kwanza cha kuwatambua ni utepe wa kupimia, ule ule wa fundi cherehani, ingawa ule usionyumbuka ndio bora.

Utepe huzungushwa juu kidogo ya nyusi, juu ya masikio, na nyuma pale kichwa kinapochomoza zaidi. Hupimwa mara mbili au tatu na kipimo kikubwa ndicho kinachoandikwa. Mtoto aliyetimiza miezi tisa tumboni huzaliwa na kichwa cha kama sentimita 35 kuzunguka. Miezi mitatu ya kwanza kichwa huongezeka kama sentimita mbili kwa mwezi, mitatu inayofuata kama sentimita moja kwa mwezi, na kutoka hapo hadi mwaka hupungua hadi nusu sentimita kwa mwezi. Shirika la Afya Duniani limeweka jedwali la wavulana na la wasichana.

Kipimo kimoja hakitoshi kumtia mzazi hofu. Kuna koo zenye vichwa vikubwa, baba akiwa hivyo na babu pia. Kinachopasa kumshtua nesi ni mwendo, yaani vipimo vinavyovuka mistari ya jedwali kwenda juu mwezi baada ya mwezi. Dalili nyingine huonekana kwa macho na kwa mkono. Utosi umevimba na haudundi hata mtoto akiwa ameketishwa na ametulia. Mishipa ya kichwani imejitokeza. Ngozi ya kichwa inang'aa. Macho yanaelekea chini hata weupe wa juu ukaonekana, hali ambayo madaktari huiita macho ya jua kutua. Mtoto analia bila kunyamazika, anatapika, au amechelewa kukaza shingo.

Mradi utosi haujafunga, ultrasaundi ya kichwa inatosha kuonyesha vyumba vilivyotanuka, bila mionzi na bila kumlaza mtoto kwa dawa. Skani ya CT au MRI hufuata daktari anapotaka kujua njia imeziba wapi.

Fundi, mwandishi na mpira mdogo

Kabla ya katikati ya karne ya 20, madaktari walikuwa na machache ya kumfanyia mtoto wa namna hii. Mabadiliko yalitokana na valvu, mlango mdogo unaoruhusu maji kutoka bila kurudi na unaofunguka shinikizo likipanda tu. Mwaka 1956 fundi wa mashine huko Philadelphia, John Holter, ambaye mwanawe alizaliwa na mgongo wazi na maji kichwani, alitengeneza valvu ya silikoni akishirikiana na daktari Eugene Spitz. Valvu za aina hiyo ndizo zilizofungua njia.

Mchango mwingine ulitoka kwa mtu aliyewahi kuishi kwetu. Roald Dahl, mwandishi wa hadithi za watoto, alikuwa mfanyakazi wa Shell mjini Dar es Salaam, na vita vilipozuka mwaka 1939 alikuja Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza na kujifunza urubani. Desemba 1960 teksi iligonga kigari cha mwanawe mchanga, Theo, jijini New York. Mtoto akapata maji kichwani, akawekewa shunti, mpira wa kuyatoa maji hayo, nayo ikaziba mara kwa mara, kila mara ikitishia macho na uhai wake. Dahl hakukaa kuomboleza. Alimtafuta Stanley Wade, mhandisi aliyejua pampu ndogondogo, na Kenneth Till, daktari wa upasuaji wa ubongo London. Watatu hao wakatengeneza valvu isiyoziba kirahisi, wakakubaliana kutochukua faida yoyote. Theo mwenyewe hakuihitaji. Ilipokuwa tayari alikuwa amepata nafuu. Watoto wa watu wengine waliitumia kwa maelfu.

Shunti ya leo ni mpira mwembamba wenye valvu. Ncha moja huwekwa ndani ya chumba cha ubongo, mpira hupita chini ya ngozi nyuma ya sikio, shingoni na kifuani, na ncha ya pili huishia tumboni, ambako maji hunyonywa na mwili. Mtoto akipona, mtu asiyejua hawezi kuiona. Nayo si lazima iwe ya bei kubwa. Mbale walilinganisha shunti ya Chhabra kutoka India, iliyogharimu kama dola 35, na ya kampuni kubwa ya dola 650, na baada ya mwaka mmoja hawakuona tofauti ya maana kwa watoto.

Tatizo la shunti ni kwamba ni kifaa, na kifaa huharibika. Hata katika nchi tajiri, takribani nusu ya shunti zinazowekewa watoto huhitaji kurekebishwa ndani ya miaka miwili. Nyingine huziba, nyingine huingia maambukizi, nyingine hukatika au huwa fupi mtoto anaporefuka. Mtoto wa Lavington shunti ikiziba usiku, gari liko nje. Wa Lodwar au Mandera ana siku nzima au zaidi ya barabara kabla ya kufika kwa anayeweza kuifungua.

Jibu lililotoka Mbale

Hilo ndilo lililomsumbua Warf. Ilikuwepo njia ya upasuaji isiyoacha kifaa mwilini: daktari hupitisha endoskopu, kamera nyembamba yenye taa, hadi chumba cha tatu na kutoboa tundu dogo kwenye sakafu yake, maji yakapata njia mpya ya kutokea. Lakini kwa wachanga ilikuwa ikishindwa mara nyingi. Warf aliongeza hatua ya pili: kwa endoskopu hiyo hiyo, alizichoma kwa umeme tishu za koroidi zinazotengeneza maji. Njia moja ikafunguliwa na chemchemi ikapunguzwa.

Ripoti yake ya 2005 ilihusu watoto 550. Kwa walio chini ya mwaka mmoja, upasuaji wa hatua mbili ulifaulu kwa 66 kati ya kila 100, ilhali tundu peke yake lilifaulu kwa 47. Warf alipoondoka, madaktari wa Uganda wakiongozwa na John Mugamba waliendelea na kazi. Leo hospitali za watoto za Marekani, nchi alikotoka Warf, hutumia mbinu iliyokomazwa Mbale, na mwaka 2012 alitunukiwa tuzo ya MacArthur kwa kazi hiyo. Tumezoea kupokea elimu ya tiba ikitoka ng'ambo. Hii ilitoka Uganda kwenda huko, na inastahili kusomwa mashuleni mwetu.

Je, ipi bora kwa ubongo wa mtoto? Mwaka 2017 yalichapishwa majibu ya jaribio lililofanyika Mbale kwa wachanga 100 waliopata maji kichwani baada ya maambukizi, nusu wakiwekewa shunti na nusu wakifanyiwa upasuaji wa endoskopu. Baada ya mwaka mmoja, akili na maungo vilikua kwa viwango visivyotofautiana kwa maana yoyote. Kwa hiyo mzazi asijute njia aliyochaguliwa. Amwulize daktari maswali manne: maji yamezibwa wapi, mtoto wangu anafaa kwa njia ipi na kwa nini, ikishindwa nitaona nini, na ikishindwa usiku, niende wapi. Upasuaji wa endoskopu ukishindwa, kwa kawaida hushindwa ndani ya miezi sita ya kwanza, hivyo utepe usiwekwe kabatini. Shunti inaweza kushindwa mwaka wowote. Homa isiyoeleweka, kutapika, usingizi mzito, utosi kuvimba tena, au wekundu kwenye njia ya mpira ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo.

Neno kuhusu wazee

Ugonjwa huu huwapata pia wenye umri zaidi ya miaka 60, kwa sura nyingine. Mwaka 1965 daktari wa Kolombia, Salomón Hakim, na wenzake walieleza hali ambayo vyumba vya ubongo hutanuka pasipo shinikizo kubwa. Dalili zake ni tatu: mzee anatembea kwa kuburura miguu kana kwamba imenata sakafuni, anashindwa kuzuia mkojo, na kumbukumbu inapungua. Nyumbani husemwa ni uzee tu. Skani ikithibitisha na kipimo cha kutoa maji mgongoni kikimpa nafuu, shunti inaweza kumrudishia mwendo wake. Baba au mama aliyebadilika namna hiyo anastahili kuonwa na daktari wa ubongo.

Aibu isiyo na msingi

Wapo akina mama wa Kenya walioachwa na waume kwa sababu ya mtoto mwenye kichwa kikubwa. Wapo walioambiwa wamelaaniwa, wamerogwa, au wamelipa dhambi za ukoo, wakazunguka kwa waombeaji na waganga miezi ambayo mtoto hakuwa nayo. Maombi hayana ubaya; mzazi aombe akiwa njiani kwenda hospitali. Wazazi waliopitia haya wamejiunga katika vyama, SHAK hapa Kenya na ASBAHT Tanzania, na mama mpya akiketi na mama ambaye mtoto wake wa shunti yuko darasa la tano, hupata kisichoandikwa kwenye kitabu chochote. Watoto wengi waliotibiwa mapema husoma, hucheza na kufanya kazi. Wengine hubaki na ulemavu wa macho, miguu au akili, na hao wanastahili mazoezi ya viungo, miwani, kiti cha magurudumu na shule, bila kufichwa chumba cha ndani.

Kenya haihitaji mpango mpya ili kuwahi watoto hawa. Mtoto tayari hupelekwa kuchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi tisa. Mwaka 2023 serikali ilituma wahudumu wa afya ya jamii 100,000 kupita nyumba kwa nyumba. Naziomba kaunti zote, ya Nairobi ikitangulia, zifanye kupima kichwa kuwa lazima kila mtoto anapochanjwa, na kumpa kila mhudumu utepe na jedwali. Nakuomba nawe mzazi usisubiri agizo hilo. Kesho ukifika kliniki, baada ya mtoto kupimwa uzito, mwambie nesi: "Naomba umpime na kichwa, uandike kwenye kitabu." Mwajiri, mwulize yaya anachokiona anapomwogesha mtoto, na umsikilize. Kipimo kikivuka mstari, nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Tiba ya ugonjwa huu ipo. Ubongo ulioharibika ukingoja hauna tiba.